Filimbi Iliyogeuka Sheria

Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Mwaka uliotangulia, maofisa wa polisi na wa usalama walikuwa wameendesha msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakiwatafuta watu waliokuwa wakiua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Mamia walikamatwa. Wengi waliteswa, na baadhi yao walifia mahabusu. Aibu ile ilipofika mezani, waziri aliona heri aondoke, na wakuu wa mikoa yote miwili wakaondoka. Baadaye maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani.

Taifa lilimsifu Mwinyi kwa kuwajibika, na alipofariki Februari 29, 2024, hilo lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukumbukwa. Huku Usukuma na Usumbwa hesabu ilikuwa nyingine. Polisi wakija kwa nguvu, raia anaumia. Wasipokuja, ng'ombe wanakwenda. Na askari aliyemwona mkubwa wake akipanda kizimbani hakuwa na haraka tena ya kuingia kijijini kwa kesi ya mifugo. Miaka mitano baada ya kujiuzulu kule, wanavijiji wa upande wa Kahama walikuwa wameamua kujilinda wenyewe, na chombo chao cha kwanza kilikuwa filimbi.

Historia hiyo naitazama kutoka Runzewe, ambayo leo inajulikana zaidi kwa madereva wa malori kuliko kwa wanahistoria. Ni mji wa njia panda katika Kata ya Uyovu, Wilaya ya Bukombe. Barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama hupita Ushirombo, ikafika Runzewe, ikaendelea Lusahunga hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Nyingine huchepuka kwenda Bwanga. Mahindi, mpunga, asali ya misitu ya Kigosi na Moyowosi, ng'ombe wa Wasukuma waliohamia, dhahabu ya maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo), vyote hupita hapo. Kwa miongo mingi sehemu hii ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Bukombe ilipewa wilaya yake miaka ya 1990, na mwaka 2012 ikahamishiwa Mkoa mpya wa Geita. Kwa hiyo ukisoma kumbukumbu za Kahama za miaka ya 1980, unasoma pia habari za Runzewe.

Nchi hii ilizoea kuongozwa kwa sauti tangu zamani. Wasumbwa, wenyeji wa Runzewe, Ushirombo na Masumbwe, walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu. Ni kutoka kwao alikotokea Msiri, mwana wa Kalasa, aliyekwenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu, akajenga ufalme wake Bunkeya, akauawa huko Desemba 20, 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Wayeke wa Kongo hadi leo wanajua kwamba asili yao iko huku. Msafara wa zama zile haukutembea kimya. Mbele alikwenda kirangozi, na baragumu la pembe ya tandala ndilo lililowaamsha wapagazi, likawaita waliobaki nyuma na kuwaarifu wenye mji kwamba wageni wanaokuja ni wa biashara. Aliyekuja bila sauti alihesabiwa adui. Na maadui walikuwepo: Watuta, wale Wangoni waliopanda kutoka kusini, walisumbua upande huu kwa miaka mingi, na rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, walifuatia. Mwaka huohuo wa 1891 Mapadri Weupe walifungua misheni yao Ushirombo, ikaja sauti nyingine, ya kengele.

Lakini ya kengele na ya pembe ni sauti za wakubwa. Mtu wa kawaida alikuwa na mbili zake. Ya kwanza ni yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Mwano haukuwa kelele ya hofu tu. Ulikuwa mwito wenye amri ndani yake. Aliyeusikia alipaswa kuacha jembe, kushika upinde na kukimbia kuelekea sauti, naye akiwa njiani aupokee na kuupeleka mbele ili wa mbali zaidi wasikie. Mwizi alipatikana au hakupatikana, lakini kesho yake swali lilikuwa moja: nani alisikia na hakutoka? Huyo alitozwa. Hilo ndilo jambo la kushika katika historia yote inayofuata. Katika sheria za serikali kosa ni la aliyeiba. Katika sheria ya mwano, aliyesikia akajigeuza upande wa pili wa kitanda naye ana kosa.

Ya pili ni mluzi. Mchungaji wa Kisukuma hajui kazi yake kama hajui mluzi. Ng'ombe wakifika majini huwapigia mluzi mrefu, wa taratibu, wanywe kwa utulivu. Anayeelekea shamba la mtu hukatwa na mluzi mkali. Mtoto wa miaka saba anajua tofauti, na ng'ombe anaijua. Jioni, mchungaji huyohuyo akirudi nyumbani na kuendelea kupiga mluzi baada ya jua kuzama, bibi yake atamkemea: usiku unaita nyoka. Imani hiyo haiko Usukuma peke yake, utaikuta Pwani, utaikuta Uganda, na mahali pengine badala ya nyoka watakwambia jini. Wengi huicheka. Mimi naona kwamba, nyoka aje asije, ilifanya kazi moja ya maana: ilisafisha hewa ya usiku. Kama hakuna anayepiga mluzi kwa mchezo gizani, basi unaosikika gizani una sababu.

Kuna mluzi mwingine wa Mkoa wa Shinyanga wa zamani ambao sharti niutaje ingawa unanitoa njiani kidogo. Hadi mwaka 2012, Mkoa wa Shinyanga ulifika Meatu, karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadza. Wahadza wakitafuta asali humpigia mluzi mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki mwitu. Yeye huwaonyesha mti, wao hufukuza nyuki kwa moshi, wakichukua asali naye hula nta. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya nchini Tanzania na Msumbiji. Walicheza sauti za Wahadza na za Wayao, ambao wao huguna badala ya kupiga mluzi. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mguno wa Wayao. Wa Msumbiji walipendelea wa kwao, karibu mara mbili. Maana yake ndege hafuati sauti yoyote ya binadamu. Anafuata ile ya majirani zake, aliyojifunza kwamba ina malipo. Filimbi za Kahama zilisikilizwa kwa sababu hiyohiyo.

Turudi barabarani. Serikali ya uhuru ilifuta utawala wa machifu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mtemi akawa mtu wa kawaida. Kisha, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wakikaa mmoja mmoja katikati ya mashamba yao walikusanywa kwenye mistari ya nyumba. Mtu angedhani kwamba kukaa karibu kungeimarisha mwano. Haikuwa hivyo. Jirani mpya hakuwa yule wa babu. Hukujua ukoo wake wala alikotoka, na ulinzi ulikabidhiwa kwa mwenyekiti, katibu wa chama na mgambo. Ukisikia yowe ulifikiri kuna mtu wa kazi hiyo.

Kisha vita. Mwishoni mwa 1978 Tanzania iliingia vitani na Idi Amin, na vita vilipokwisha mwaka 1979 bunduki hazikurudi zote ghalani. Uchumi ulikuwa hoi: sabuni, chumvi, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mishale na mbio, ukawa wa risasi. Mwenye ng'ombe aliyekwenda kituoni kutoa taarifa aliambiwa hakuna gari, au gari lipo ila halina mafuta. Na kama mwizi alikamatwa, mara nyingi mwenye mali alimwona wiki iliyofuata sokoni, akimcheka.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa wilaya za Kahama na Nzega, vikaanza vikundi vilivyojiita Wasalama, watu wa amani. Mwaka 1982 habari zao zilikuwa zimeenea, na jina lililoshika halikuwa lile walilojipa. Waliitwa Sungusungu, kwa jina la wadudu weusi wanaotembea kwa msafara, wanaouma vibaya, na ambao ukiwavuruga hutoa mlio wa kukwaruza unaosikika wazi. Aliyewapa jina hilo alikuwa mwangalifu. Hata mlio ulimo.

Utaratibu ulikuwa wa kushangaza kwa jinsi ulivyokamilika. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake, cheo ambacho serikali ilikuwa imekizika miaka 20 nyuma. Chini yake walikuwepo mtwale, kamanda wa vijana na katibu mwenye daftari. Wanaume wote wazima walijiunga, wakapewa dawa ya kinga na mganga, wakaapa. Silaha zilikuwa upinde, mishale na rungu. Na kila mmoja alibeba filimbi, nyingi zikiwa shingo za vibuyu zilizokatwa na kutobolewa, kitu ambacho hakuna serikali inayoweza kukipiga marufuku wala fundi wa mjini anayehitajika kukitengeneza.

Kwa nini filimbi, wakati mwano ulikuwepo? Jibu langu ni la kimazingira. Yowe linachoka. Mtu anayekimbia gizani akifuata nyayo hana pumzi ya kupiga yowe, lakini ana pumzi ya kupuliza. Mlio wake ni mwembamba na mkali, unapita juu ya sauti ya upepo na ya mifugo, na haufanani na kilio cha msiba wala shangwe ya harusi. Tena filimbi ilikuwa imekwisha kuzoeleka kwenye ngoma. Katika mashindano ya Wagika na Wagalu, yale ambayo kila Juni huwakusanya watu Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, filimbi ni ya anayeongoza wachezaji. Ikilia, mstari mzima unageuka. Vijana walioshika pinde mwaka 1982 walikuwa wameshafundishwa kutii filimbi uwanjani.

Basi ng'ombe wakiibwa, aliyegundua alipuliza. Waliosikia walitoka na kupuliza zaidi, na kabla ya mapambazuko vijiji kadhaa vilikuwa macho. Wengine walifuata nyayo, wengine walifunga mapito. Nyayo zikifika mpaka wa kijiji kingine, kazi ilikabidhiwa kwa wa kule, nao walipaswa ama kuonyesha kwamba nyayo zimetoka kwao na kuendelea, ama kujieleza. Mwizi aliyekuwa akitegemea mpaka wa wilaya au wa mkoa alikuta hakuna mpaka. Askari wa Kahama alihitaji kibali kuingia Nzega au Biharamulo, filimbi haikuhitaji.

Mashauri yalisikilizwa chini ya miti, mbali na nyumba. Katibu aliandika: nani ameshtaki, nani amekana, faini ni kiasi gani. Aliyekataa hukumu hakufungwa jela, kwa kuwa jela haikuwepo. Alitengwa. Hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, msibani kwake hawakwenda na kwao hakuruhusiwa kufika. Kwa mkulima anayeishi kwa kusaidiana palizi na kuchangiana mazishi, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko miezi sita ya gerezani, na wengi waliopewa kisogo hivyo walirudi wenyewe na faini mkononi.

Wizi ulipungua. Hata waliowapinga Sungusungu walikiri hilo. Tatizo ni kwamba hawakuishia kwa wezi. Tangu mwanzo walijipa kazi ya pili, ya kuwasaka wachawi, na hapo ushahidi haukuwa nyayo tena bali neno la mganga na macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote. Watu walipigwa, wengine wakafukuzwa vijijini, wengine wakauawa. Polisi wakawakamata viongozi wa Sungusungu, mahakama zikawahukumu baadhi yao, na kwa muda ilionekana kwamba serikali itazima filimbi zote.

Haikuzizima. Mwalimu Nyerere na uongozi wa CCM waliamua kuzitetea. Ukiangalia mwaka utaelewa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akiendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na chama kilihitaji mfano wa wananchi wanaojilinda bila kusubiri mshahara. Wakulima wenye pinde wanaokamata wezi usiku na kulima mchana walifaa kabisa. Kwamba walikuwa wamefufua cheo cha mtemi chini ya pua ya serikali iliyofuta utemi, hilo lilipitiwa kimyakimya. Nadhani chama kiliona pia kwamba kuwagusa kungeonyesha jambo la kutisha: kwamba vijiji vilivyoundwa na serikali vilikuwa vimepata serikali nyingine ndani yake.

Pingamizi kubwa lilitoka mahakamani. Hati ya haki za binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na ikaanza kutumika mahakamani Machi 1988. Mwaka huo, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la mwananchi aliyewashtaki watu wa Sungusungu, akasema bila kumung'unya kwamba kundi hilo halina miguu ya kisheria na kwamba linakwenda kinyume cha Katiba. Huyu ndiye jaji ambaye miaka michache baadaye, Dodoma, angetamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Hakuwa mtu wa kuogopa wengi.

Jibu la serikali lilikuja mwaka uliofuata. Bunge lilipitisha Sheria ya marekebisho ya sheria za mgambo ya 1989, iliyowapa walinzi wa jadi, wakishatambuliwa, uwezo wa kukamata unaolingana na wa polisi. Rais wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mtu aliyepoteza uwaziri kwa sababu polisi wake walikwenda Shinyanga kukomesha mauaji ya vikongwe, miaka 12 baadaye ndiye aliyekuwa Ikulu wakati walinzi wa Shinyanga hiyohiyo, ambao baadhi yao walikuwa wamewatesa vikongwe, walipopewa mkono wa sheria. Sisemi alikosea. Kama polisi walikuwa na magari yasiyo na mafuta, chaguo lingine lilikuwa lipi? Lakini sheria ile ilichukua upande mmoja tu wa filimbi, uwezo wa kukamata. Upande wa pili, yaani nani atamsikiliza aliyepuliziwa filimbi bila haki, uliachwa kama ulivyo.

Kuanzia hapo filimbi zilisafiri. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990 alizipeleka mijini, hadi Dar es Salaam, ambako mara nyingi ziligeuka mchango wa kila nyumba kwa vijana wa doria. Mwaka 1995 zilifika kwa Wakurya wa Tarime, na kabla ya muongo kwisha zilivuka hadi kwa Wakurya wa Kenya. Kila zilipofika zilibadilika. Kisii, nchini Kenya, jina hilo la Sungusungu lilikuja kubebwa na vikundi ambavyo watu waliviogopa kuliko wezi.

Kwa Runzewe, miaka ya 1990 ilikuwa migumu kupita ile ya 1980. Oktoba 1993 Burundi iliwaka moto baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24 hivi. Wengi mno walikuwa watu wanaokimbia kifo. Lakini vita viwili jirani vilileta bunduki za kivita kwenye misitu ya Biharamulo, Kibondo na Bukombe, na barabara inayopita Runzewe ikawa ya mashaka. Magari yalisubiriana ili yaende pamoja, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku nchi nzima, marufuku iliyodumu hadi Oktoba 2023.

Dhidi ya bunduki ya rashasha, upinde hauna la kusema. Filimbi ilibaki na kazi moja tu ya maana, kuwaambia watu wajifiche au wafunge njia kwa magogo kabla jambazi hajapita. Wazee wengi wa Sungusungu wa kizazi kile walifahamu kikomo chao, na ndiyo maana uhusiano wao na polisi wa eneo hilo ulikuja kuwa wa karibu zaidi: huyu ana masikio, yule ana bunduki. Said Mwema, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kuanzia 2006, alilipa jambo hilo jina rasmi la polisi jamii, na ulinzi shirikishi ukaingia kwenye hotuba. Huku lilikuwa limekwisha kuwepo.

Dhahabu ilileta mtihani wa namna nyingine. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, kupisha mgodi mkubwa, wakatawanyika kutafuta maduara kwingine. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya kwa kiwango kikubwa mwaka 2000. Rashi moja, yaani mkimbilio wa dhahabu mpya, ikitangazwa, ndani ya siku chache porini kunakuwa na maelfu ya watu, karasha za kusaga mawe zinanguruma, mama lishe wameweka majiko, na hakuna anayemjua jirani yake. Sheria ya filimbi ilitegemea kwamba unayemwita unamjua na kesho mtaonana msibani. Rashini hakuna kesho. Mtu akipuliza filimbi, wanaofika wanaweza kuwa waokoaji, wanaweza kuwa watu wa kumsaidia mwizi kugawana mfuko wa mawe. Ndiyo maana kwenye machimbo ulinzi umekuwa kazi ya kulipwa na mwenye duara, na sauti inayotiiwa na wote ni moja tu, ile ya onyo kabla baruti haijalipuka.

Na madhara ya zamani hayakwisha. Miaka ya 1980 au Julai 2017, mtego ni uleule: umati ukishatoka kwa mwito, ni vigumu kumwambia mtu wa mbele asimame. Hiyo 2017, wilayani Nzega, si mbali na pale Wasalama walipoanzia, wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto kwa tuhuma za ushirikina. Mwito unaomlazimisha kila mtu kutoka humpa kila mtu pa kujificha baada ya kosa, kwa sababu hakuna aliyekuja peke yake. Katika hili sina huruma na wanaosema kwamba ni mila. Kufuata nyayo za ng'ombe ni mila, na inahitaji ushahidi ardhini. Kumchoma bibi hakufuati nyayo zozote.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Waandishi wa habari huwaita watu hao wapuliza filimbi. Mzee wa Runzewe akilisikia neno hilo atashangaa, kwa kuwa mtoa taarifa wa sheria hiyo anafichwa jina, anaongea pembeni, na serikali inaahidi kwamba hatajulikana. Mpuliza filimbi wa Kahama alijulikana na kijiji kizima kabla jua halijachomoza. Alisimama kesho yake chini ya mti na kueleza alichoona, na kama alipuliza kwa uongo, faini ilikuwa yake. Kila sheria ina mahali pake: anayefichua ufisadi wa mkubwa wake kazini anahitaji kufichwa. Ila kwenye kijiji, ile ya mpulizaji kuonekana ndiyo iliyokuwa kinga bora ya mtuhumiwa, na pale ilipoachwa, pale minong'ono ya mganga ilipochukua nafasi ya mtu aliyesimama na kusema "mimi ndiye niliyeona", ndipo damu isiyo na hatia ilipomwagika.

Madaftari ya wale makatibu wa Sungusungu bado yapo katika nyumba kadhaa za Kahama, Mbogwe na Bukombe, yakiliwa na mchwa pamoja na karatasi za ushirika wa pamba. Ndani yake kuna majina ya walioibiwa, walioshtakiwa, waliotengwa na waliorudishwa, kwa mwandiko wa watu waliomaliza darasa la saba na kuendesha mahakama. Wenye kuyashika wayapeleke halmashauri au kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, nayo halmashauri iyapokee bila kuuliza ni nani aliyetozwa faini mwaka gani.